Marehemu Harusini

Tanga ni mji wa maneno. Mkoani Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na mjini humo ndiko vikundi vya Black Star na Lucky Star vilikoshindana kwa nyimbo za taarab. Mtu akianzisha kikundi cha waandishi huko, hakuna anayeshangaa. Kikundi ninachokisimulia hapa nimekitunga, lakini sikukitoa hewani. Vipande vyake vimetapakaa katika vikundi vingi, kuanzia Mombasa hadi Mbeya.

Kilikuwa na watu saba. Walikutana kila Jumamosi baada ya alasiri katika darasa la shule ya msingi, wamejibanza kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Palikuwa na nesi wa wodi ya wazazi, karani wa bandari, Bi Mkubwa mmoja mtunzi wa tenzi, na fundi cherehani wa Ngamiani ambaye shule hakufika nayo mbali, ila alisoma kila kitabu alichoweza kuazima. Wawili waliobaki walikuja siku wakipenda.

Masharti yao yalikuwa matatu. Kazi igawiwe siku tatu kabla ya mkutano, kila mtu apate fotokopi yake. Mwenye kazi asiseme neno mpaka wote wamalize. Na anayekosoa aonyeshe mahali: ukurasa gani, mstari gani.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Bi Mkubwa alileta utenzi wa mawaidha, karani akamwambia kwamba katika ubeti wa kumi na mbili kipande cha tatu kina mizani tisa badala ya nane. Bi Mkubwa akahesabu kwa vidole, akarudia, akaangua kicheko. "Umenitoa tongotongo, mwanangu," alisema, na papo hapo akafuta neno moja. Fundi alileta hadithi ya mtoto aliyepotea sokoni, wakamwambia kwamba hadithi inaanzia ukurasa wa tatu. Kurasa mbili za mwanzo ni yeye mwenyewe kupasha mashine moto. Akazikata. Hadithi ikasimama.

Kisha ikaja Jumamosi iliyoharibu mambo. Nesi alikuwa ameleta hadithi kuhusu mama aliyejifungua njiani. Ilikuwa na kasoro, kama kazi yoyote ya mara ya kwanza. Karani, badala ya kuonyesha ukurasa, alisema, "Sista, kila mtu na kazi yake. Wewe rudi kwenye sindano zako." Nesi alikunja karatasi zake akatoka. Wiki mbili hakuonekana.

Mwalimu hakulala vizuri kwa jambo hilo. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokiponza kikundi. Alimwendea nesi, akambembeleza, akamrudisha. Hapo alifanya vyema. Halafu akatangaza sharti jipya: kuanzia leo tutaanza kwa sifa na kumaliza kwa sifa, na lenye kuuma mtu akamwambie mwenzake faragha. Wote wakaitikia. Ila hapakuwa na aliyewahi kuambiwa kitu faragha, maana baada ya mkutano kila mtu alikuwa anawahi daladala.

Angalia kosa lilipo. Karani alivunja adabu. Dawa ilikuwa kumrudi karani, kumkumbusha sharti la tatu, na kumtaka amwombe nesi radhi mbele ya wote. Badala yake karani hakuambiwa lolote, na adhabu ikaangukia ukweli.

Kuanzia hapo sifa zikawa kama michango ya harusi. Unanichangia leo, nami nakuandika kwenye daftari langu la kichwani. Ikifika zamu yako, sitakuja mikono mitupu. Jumamosi hii hadithi ya nesi "imegusa moyo", Jumamosi ijayo mashairi ya karani "yana kina". Mtu akisifiwa kidogo kuliko alivyosifu, alinuna kama baba wa bwana harusi aliyeletewa pungufu. Kazi zenyewe hazikuhitaji tena kusomwa. Fotokopi zilirudi nyumbani safi, bila hata alama ya kalamu.

Wakaongeza na warsha. Alialikwa mtaalamu kutoka nje, akazungumza tangu asubuhi mpaka adhuhuri juu ya muundo, mtindo na wahusika. Hakufungua mswada wa mtu yeyote, maana hakuombwa. Jioni vikagawiwa vyeti, zikapigwa picha. Kufikia mwisho wa mwaka ule kikundi kilikuwa na vyeti vingi kuliko hadithi zilizokamilika.

Ni fundi peke yake aliyeendelea na masharti ya zamani. Mwalimu alipoanza kuleta riwaya yake, sura moja kila mwezi, fundi alisema kwa upole, "Shikamoo Mwalimu. Sura hii ina kurasa kumi na nne, na hakuna mtu aliyefungua mdomo. Mvua inanyesha tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilitaka kujua nani analowa." Ingekuwa mwaka wa kwanza, darasa zima lingecheka, na Mwalimu angekuwa wa kwanza. Safari hii watu walitazamana. Mwalimu akasema, "Ahsante, Fundi," kwa sauti ya kufunga mlango. Njiani kuelekea kituoni karani akasema fundi ana kijicho, hajachapisha hata barua ya msomaji gazetini, anapata wapi ubavu wa kumsahihisha Mwalimu? Bi Mkubwa alisikia, akanyamaza. Nesi alisikia, akanyamaza. Maneno yalimfikia fundi kabla ya Jumatatu, na Jumamosi iliyofuata dawati lake likawa tupu.

Watu hawa walikuwa wameisoma Kusadikika ya Shaaban Robert pamoja, sura kwa sura. Walimsikitikia Karama aliyeburutwa mbele ya mfalme kwa mashtaka ya waziri Majivuno kwa sababu alitaka watu wajifunze sheria na kujitetea. Lakini hata Karama alipewa nafasi ya kusikilizwa. Fundi alihukumiwa kwenye kituo cha daladala, mwenyewe hayupo.

Riwaya ikaendelea. Katika sura ya nne mjomba wa shujaa anaugua, anafariki, anazikwa. Mwalimu aliyaandika mazishi yale vizuri sana, mpaka Bi Mkubwa alitokwa na machozi. Miezi saba baadaye ikaja sura ya kumi na moja, harusi ya shujaa. Na pale, katikati ya wageni, mjomba amekaa jamvini anakula pilau na kumtania bibi harusi.

Wote waliona. Nesi aliandika alama ya kuuliza pembeni kwa penseli, akaifuta kabla ya kuingia darasani. Bi Mkubwa alijiambia, Mwalimu ni msomi, lazima ana maana yake. Karani alikumbuka kwamba Jumamosi ijayo ni zamu ya mashairi yake. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme, na wote wakasema harusi imeandikwa kwa ufundi mkubwa.

Kikundi kikachanga, kikapiga chapa nakala mia tano. Uzinduzi ulifana: mgeni rasmi, soda, biskuti, na hotuba ya mtu ambaye ilikuwa wazi hajapita jalada. Nakala thelathini zikapelekwa shule moja ya sekondari, na baada ya wiki chache Mwalimu akaalikwa azungumze na wanafunzi. Msichana wa kidato cha pili akanyoosha mkono.

"Shikamoo Mwalimu. Mjomba si tulimzika sura ya nne? Yule anayekula pilau harusini ni mzuka?"

Darasa lilicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Alikisoma kitabu chote kwa makini akitafuta sura itakayoeleza ule mzuka, hakuiona, akadhani amekosa kuelewa. Huyo ndiye msomaji wa kwanza wa kweli ambaye riwaya ile ilimpata, na alimpata mwandishi hana jibu.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliingia, hakukaa. "Mliona?" aliuliza.

Nesi ndiye aliyejibu kwanza. "Niliona, Mwalimu." Kisha karani. Kisha wengine.

"Kwa hiyo mlinionea haya mimi," alisema Mwalimu, "mkaniacha nikaone haya mbele ya watoto."

Bi Mkubwa akamtazama usoni. "Tulijifunza kwako, baba. Fundi alisema, sisi tukamtukana, nawe ulijua ukakaa kimya. Ulitaka tufanyeje?"

Walimwendea fundi Ngamiani. Aliwapokea vizuri, akawaagizia kahawa, hakuwakumbusha lolote. Lakini kurudi hakurudi. Alikwisha pata wenzake wawili, muuza magazeti na msichana wa chuo, wanaokuja dukani kwake jioni kusomeana. Kikundi cha Jumamosi kilidumu miezi michache zaidi, kisha mtu mmoja akapata uhamisho, mwingine akapata udhuru, na mlango wa darasa ukaacha kufunguliwa. Nakala nyingi zimebaki kwenye maboksi nyumbani kwa Mwalimu.

Wapo watakaosema tatizo ni utamaduni: sisi watu wa heshima hatukosoani hadharani. Hilo si kweli hata kidogo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, karne mbili zilizopita, alirushiana mashairi na washairi wa Lamu bila kuoneana soni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa uwanja ambamo mtunzi wa mji mmoja aliuliza na wa mji mwingine akamjibu, na mwenye mizani mbovu aliambiwa mbele ya wasomaji wote. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kwa mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, wanamapokeo walimjia juu kwa kanuni ambazo Kaluta Amri Abedi alikuwa amezichapa kitabuni mwaka 1954. Pande zote mbili zililazimika kueleza shairi ni nini, na ushairi wetu ukanufaika. Malumbano yana adabu zake: mtu hujibiwa kwa bahari aliyotungia, na hujibiwa alichosema. Utamaduni wa kukosoana tunao, tena wa kale. Kilichokuja juzi ni desturi ya kupongezana.

Na jirani zetu wanatuonyesha faida ya kukosoana. Kampala, chama cha waandishi wanawake cha FEMRITE, kilichozinduliwa mwaka 1996, kinajulikana kwa mikutano yake ya Jumatatu ya kusoma na kujadili kazi. Monica Arac de Nyeko, aliyepata Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi yake "Jambula Tree", ni mmoja wa wanachama wake. Huko huko Kampala, mwaka 1962, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa bado mwanafunzi wa Makerere alimpelekea Chinua Achebe mswada wake wakati wa mkutano wa waandishi, akapewa maoni. Mswada ule ukatoka mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child. Mwanafunzi hakupeleka mswada kwa bingwa ili apigiwe makofi.

Basi kwa aliye na kikundi, au anayetaka kuanzisha, funzo la kisa hiki ni hili. Katazeni matusi, msikatazane kuona. Mtu akimvunjia mwenzake heshima, arudiwe yeye, papo hapo, na kazi iendelee kujadiliwa. Mwenyekiti awe wa kwanza kukosolewa na wa kwanza kushukuru, kwa sababu wengine watapima ukweli unaoruhusiwa kwa kuutazama uso wake. Sifa nayo ifuate sharti la tatu: anayesema kazi ni nzuri aonyeshe ukurasa, sifa isiyo na ukurasa ni salamu tu. Na kabla kazi haijapelekwa kwa mpiga chapa, mteueni mmoja kwa zamu, kazi yake iwe kutafuta makosa na kuyaorodhesha. Akiwa ametumwa na wote, hakuna wa kumwita mwenye kijicho.

Nawe unayetaka kujiunga, fanya jaribio dogo. Katika hadithi utakayopeleka mara ya kwanza, mpandishe mhusika wako basi Unguja saa mbili asubuhi, umshushe Pemba saa nne. Mkutano ukiisha, chai ikanywewa, ukapongezwa kwa lugha nyepesi na taswira nzuri, na hakuna aliyeuliza basi hilo limepita wapi, shukuru kwa chai, chukua karatasi zako, ukatafute kikundi kingine.