Kasoro na Ombi

Je, ni haki mtu kuita kasoro jambo ambalo hakuahidiwa? Kwa miaka mingi nililiona swali hili kuwa la walimu na mahakimu. Mwalimu hulijua kwa sababu kila anaposahihisha madaftari hulazimika kutenganisha mambo mawili: kosa la mwanafunzi aliyefundishwa akakosea, na pengo la yule ambaye hakufundishwa kabisa. Kalamu nyekundu ni ya yule wa kwanza. Katika chuo cha ualimu tulilisisitiza jambo hili kila muhula, na kila muhula walikuwako walimu wanafunzi waliorudi kutoka mazoezini wakiwa wamempa mtoto sifuri kwa somo ambalo halijafika darasani kwake. Sasa nimestaafu, na swali lilelile nimelikuta mahali ambapo sikulitarajia, katika kazi ya vijana wanaochora picha kwa kompyuta.

Huenda nawe, ndugu msomaji, hukukua na mitambo hii, basi nieleze kidogo. Hapa Arusha wapo vijana wanaojipatia riziki kwa kuchora nyumba kabla haijachimbwa msingi, hata mwenye kiwanja akaona jua la asubuhi likipiga barazani kwake. Hawachori kwa mkono. Programu hupiga hesabu ya mwanga: utokako, unapogonga, unavyorudi machoni. Lakini kila kitu lazima kielezwe namna kinavyoupokea mwanga huo, kwa maana ukuta wa mawe ya Meru hauupokei kama bati jipya, wala bati jipya haliupokei kama jani la mgomba lililolowa umande. Maelezo hayo huitwa sheda, na iko lugha maalumu ya kuyaandikia. Kampuni ya Pixar ilitoa kanuni zake za RenderMan mwaka 1988, zikiwa na lugha ya namna hiyo ndani yake. Mwaka 2010 Sony Pictures Imageworks, iliyokuwa imetengeneza lugha nyingine kwa ajili ya filamu zake chini ya uongozi wa Larry Gritz, iliiweka wazi kwa watu wote. Lugha hiyo inaitwa Open Shading Language. Miaka miwili baadaye, 2012, ikaingizwa katika Blender, programu ambayo haiuzwi na ambayo ndiyo vijana wengi wasio na fedha huanzia.

Blender nayo ina historia ya kupendeza. Mwaka 2002 kampuni iliyoimiliki ilikuwa imefungwa, na mwanzilishi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, akawaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili programu ikombolewe iwe mali ya wote. Fedha zilipatikana kwa majuma saba. Kwetu tungesema ni msaragambo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba kitu cha bure hakilalamikiwi. Mfereji unaoshuka kutoka mlimani kwenda mashambani haumwagi maji ya kununua, lakini anayeona ukingo umepasuka huko juu hana ruhusa ya kunyamaza. Kutoa taarifa ya kasoro ni kuwatumikia walio chini ya mfereji, ambao hata hawajui kwa nini maji yamepungua.

Ombi ni jambo jingine. Mwomba chumvi huombea chunguche, na hakuna ubaya katika hilo, ili mradi aseme kwamba anaomba. Wanaoitunza Blender wameliona hilo, wakaweka mlango mmoja wa taarifa za kasoro na mlango mwingine wa maombi. Mwenye kutoa taarifa hutakiwa aseme anatumia toleo gani, mashine gani, na hatua gani alizofuata, ili mtu asiyemjua, aliye nchi nyingine, azifuate hatua zilezile na kulikuta tatizo lilelile. Huo ni ushahidi wa kimahakama kabisa. Ombi halihitaji ushahidi. Linahitaji subira. Lugha ya sheda ilipoingia mwaka 2012 ilifanya kazi kwenye kichakato kikuu cha kompyuta tu, si kwenye kadi ya picha iliyo na kasi zaidi. Watu waliomba. Toleo la 3.5 la mwaka 2023 ndilo lililoleta jambo hilo, tena kwa kadi za kampuni moja. Miaka kumi na zaidi! Hata hivyo haikuwa kasoro, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameahidi.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Kasoro hutangulia kushughulikiwa, ombi hungoja. Basi mtu hulivika ombi lake nguo za kasoro. Namkumbuka mwalimu mkuu mwenzangu, marehemu sasa, aliyeandika kwa wakubwa kwamba upepo umeezua paa la maktaba ya shule yake. Maktaba yenyewe haikuwako. Palikuwa na kuta zilizofika usawa wa madirisha. Mabati alipata, na watoto wake wakapata mahali pa kusomea, na tulimcheka kwa mapenzi. Lakini shule ya jirani, ambayo upepo uliiezua kwelikweli mwezi uliofuata, iliambiwa kwamba fungu limekwisha. Watoto wale walisomea chini ya mti mpaka masika. Sijapata kumsikia mtu akiwahesabu wale watoto anapoisimulia hadithi hii.

Mjukuu wa dada yangu ni mmoja wa vijana hawa wachoraji. Mfanyabiashara mmoja wa vito alimpa kazi ya kuchora pete ya tanzanaiti. Jiwe hili, linalochimbwa Mererani peke yake duniani, lina tabia ya kubadili rangi kufuatana na upande unaolitazamia: bluu huku, zambarau kule, na kabla halijachomwa moto huwa na upande wa hudhurungi. Sheda ya kioo iliyokuwamo katika programu yake ilitoa rangi moja pande zote. Kijana akaandika taarifa kwamba kioo kina kasoro, akanionyesha ili nimtazamie Kiingereza chake.

Nikamuuliza, “Nani alikuahidi kuwa kioo kitakuwa tanzanaiti?”

“Hakuna, babu. Lakini nikiandika kwamba naomba, watasoma mwakani.”

Nikamsimulia habari ya maktaba. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo lilinifanya nivue miwani. “Haya, babu. Na ngozi je?”

Alikuwa na hoja. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza jinsi filamu za rangi za Kodak zilivyopimwa kwa miongo mingi kwa picha za wanawake weupe, hata nyuso nyeusi zikatoka bila sura. Waliosikilizwa, anaeleza, walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri katika picha! Mwaka 2020 Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale aliyepata kufanya kazi Pixar, aliandika kwamba hesabu za kompyuta za kuchora binadamu nazo zimeegemea upande huohuo. Juhudi kubwa imewekwa katika kuonyesha mwanga unaopenya ngozi na kuifanya ing'ae kwa ndani, na hiyo ni sifa ya ngozi nyeupe zaidi. Ngozi ya kwetu hupambwa na mwanga unaorudi kutoka juu yake, kama ule wa paji la uso la mtu aliyetoka kuoga na kujipaka mafuta.

Sasa hili ni kasoro au ni ombi? Kwa kanuni yangu ya ahadi, mtu angeweza kusema kwamba hakuna aliyemwahidi Mwafrika chochote. Naikataa kauli hiyo. Jina nalo ni ahadi. Anayeandika “kioo” juu ya chombo chake ameahidi kioo, na mwenye tanzanaiti aombe. Lakini anayeandika “ngozi ya binadamu” ameniahidi mimi, na mama yangu, na wafugaji wa Monduli, hata kama siku anaandika hakutufikiria. Kutofikiriwa kwetu hakuipunguzi ahadi. Tukikubali kuliita jambo hili ombi, tumekubali kwamba binadamu ni wale, na sisi ni nyongeza itakayoshughulikiwa fursa ikipatikana. Wala sisemi hivi kwa hasira. Huenda walioandika ni watu wema waliochora walichokiona dirishani kwao.

Wapo watakaonijibu kwamba kwa njia hii kila mtu atalinyosha jina mpaka limfae, na mwenye tanzanaiti atasema kwamba nayo hupitisha mwanga kama kioo. Hatari hiyo ipo, na sina kipimo cha kuiondoa isipokuwa kuuliza kila mara: je, neno lenyewe, kwa maana yake ya kila siku, linanihesabu? Kioo hakiihesabu tanzanaiti.

Kijana aliichana taarifa yake ya kwanza, akaandika mbili. Ya tanzanaiti aliiita ombi, na akaiambatanisha na sheda aliyojiandikia mwenyewe kwa siku tatu, inayouliza jicho liko upande gani ndipo itoe rangi. Si kamili, lakini mwenye pete ameikubali. Ya pili, ya ngozi, aliiita kasoro. Nilimkumbusha kwamba kasoro hudai ushahidi. Akanivutia kiti karibu na dirisha, akaniomba nikunje shati mpaka kwenye kiwiko, akaupiga picha mkono wangu mara tatu kadiri jua lilivyokuwa likisogea.