Filimbi na Ugali: Je, Chuo cha Umma Kiwatenge Wanafunzi Bora?

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Walisema pia kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hizi mbili hukaa pamoja kwa amani mpaka mtu anapokabidhiwa fedha za umma na kuambiwa azigawe. Hapo ndipo linapozuka swali la insha hii: je, ni haki chuo kikuu kinachoendeshwa kwa kodi za watu wote kuwateua wachache wenye alama za juu na kuwapa zaidi ya wenzao?

Nitalijadili swali hili kwa mfano mmoja. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, kwa kifupi CUNY, asili yake ni shule iliyoanzishwa mwaka 1847 ili vijana wa familia za kawaida wasome bila karo. Mwaka 1970, baada ya wanafunzi weusi na wale wenye asili ya Puerto Rico kuandamana, kilimfungulia mlango kila aliyemaliza sekondari jijini. Mwaka 1976, jiji lilipokuwa karibu kufilisika, karo ilianza kutozwa. Mwaka 2001 CUNY ilianzisha chuo cha wanafunzi bora, na mwaka 2006 chuo hicho kikapewa jina la Macaulay baada ya William na Linda Macaulay kukichangia dola milioni 30.

Jambo la kipekee ni kwamba chuo hicho hakikujengwa juu ya kilima chake chenyewe. Kina jengo moja Manhattan, lakini wanafunzi wake wametawanyika katika vyuo vinane vya CUNY, kuanzia Lehman kule Bronx hadi Staten Island. Masomo mengi huyasoma pamoja na wanafunzi wengine. Tofauti ni kwamba wao, kama ni wakaazi wa jimbo, hulipiwa karo. Hupewa kompyuta, washauri wa karibu na semina maalumu kuhusu jiji lao. Kwa hiyo wanafunzi wawili wanaweza kukaa bega kwa bega, mwalimu mmoja, mtihani mmoja. Mmoja ana mshauri anayemjua kwa jina. Mwingine anatoka darasani mbio kuwahi zamu ya usiku.

Wanaotetea mpango wa namna hii wana hoja nzito. Aristotle alisema filimbi bora apewe mpigaji bora, si tajiri wala mwenye sura nzuri, kwa sababu filimbi ipo ili ipigwe vizuri. Vivyo hivyo, semina ngumu apewe anayeiweza. Tena, kijana hodari asiye na fedha akikosa nafasi ya namna hii katika chuo cha umma, vyuo ghali vitabaki kuwa vya matajiri. Hoja hii siipuuzi.

Lakini John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, anatukumbusha kwamba hakuna aliyestahili kuzaliwa na kipaji wala kulelewa katika nyumba yenye vitabu. Kwake, tofauti ya kipato au fursa inakubalika pale tu inapomfaa hata aliye chini kabisa. Alama za mtihani hupima akili, ndiyo, lakini hupima pia shule, taa ya kusomea na tumbo lililoshiba. Uganda tunalijua hili: nafasi nyingi za kusomeshwa na serikali hugawanywa kwa alama, lakini nyingine zimetengewa wilaya. Kutenga nafasi za wilaya ni kukiri kwamba alama hazisemi yote.

Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zinachanganya vitu viwili. Kuna filimbi na kuna ugali. Filimbi ni semina ngumu na utafiti wa kina: vitu visivyomfaa kila mtu. Ugali ni karo, nauli, vitabu na mshauri wa kukuuliza kwa nini hukuonekana wiki nzima. Filimbi igawanywe kwa uwezo. Ugali ugawanywe kwa njaa. Kosa la kimaadili huja tunapompa mpigaji bora filimbi pamoja na ugali wa jirani yake.

Mtu atasema fedha hazitoshi, na kwamba ukiwagawia wote kila mmoja atapata makombo. Lakini CUNY yenyewe imetoa jibu. Mwaka 2007, katika vyuo vyake vya miaka miwili, ilianzisha mpango uitwao ASAP. Uliwapa wanafunzi wa kawaida washauri, nauli na msaada wa vitabu na karo. Utafiti uliowagawa wanafunzi kwa bahati nasibu ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa katika mpango walikuwa wamehitimu, na asilimia 22 tu ya wenzao. Miongoni mwao walikuwamo waliohitaji masomo ya kuwasaidia kufikia kiwango cha chuo. Ugali haukupotea bure.

Lipo jambo la pili. Kwa miaka mingi mlango wa Macaulay ulikuwa wa wanaoanza mwaka wa kwanza. Aliyechelewa kuchanua, akaanza kung'ara mwaka wa pili, hakuupata. Ikiwa kinachotafutwa ni mpigaji bora, kwa nini tusikilize mara moja tu, akiwa na miaka kumi na saba?

Kwa hiyo nahitimisha kwamba chuo cha umma kinaweza kuwa na wanafunzi wake bora bila kudhulumu mtu, kwa masharti mawili: mahitaji ya msingi yasiwe tuzo, na mlango ufunguliwe zaidi ya mara moja. Kuwatawanya katika kampasi nyingi ni jambo jema, kwa kuwa kunawaweka vidole vyote katika mkono mmoja. Lakini kukaa pamoja si kushirikiana. Chanda chema na kivikwe pete, mradi vingine visikatwe ili kuinunua.