Huruma ya Nani?

Mjomba wangu alistaafu jeshini. Nilimuuliza ni kazi gani ilimlemea zaidi, nikidhani atasema vita. Akasema, "Kupiga hodi."

Mara ya kwanza alimwambia mama mmoja, "Kijana wako ameumia vibaya." Mama akakimbia chumbani kupanga nguo za kupeleka hospitali. Mjomba ikabidi amfuate huko ndani, amwambie upya.

Tuseme ukweli, ndivyo tulivyolelewa. Mtu amefariki, lakini simu inasema, "Njoo nyumbani, mzee ni mgonjwa kidogo." Tunaiita huruma. Ila anayehurumiwa hapo ni msemaji, asiyaone machozi.

Tarehe 15 Januari 2016, al-Shabaab walivamia kambi ya KDF huko El Adde, Somalia. Familia zilishinda na simu mkononi, na serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Kimya hicho nacho ni "ameumia vibaya," ila kimesemwa na nchi nzima.

Kwa mjomba, anayetumwa mlangoni ana madeni mawili: aseme "amekufa," kisha asiharakishe kuondoka.

"Na ukishindwa, ukalia?"

"Lia. Lakini ukishalisema."