Mkate wa Kikuyu na Khitilafu za Manasara

 

Twawasikia vijana wetu mabarazani wakijadiliana na Manasara, na mara nyingi hoja zao ni mishale ya gizani. Humkabili Mprotestanti wakamwambia, "Nyinyi mwamfuata Papa," naye hucheka, kwani wazee wa dhehebu lake waliachana na Papa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, na si uadilifu kumhukumu mtu kwa itikadi ya jirani yake. Basi twataka kueleza ni jambo gani linalowatenga watu hawa, na tutaanza na kadhia iliyotokea katika nchi yetu wenyewe.

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Kanisa la Scotland. Walikuwapo Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengineo, wakashauriana namna ya kushirikiana ili wasigombanie wafuasi. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya mkate na divai ndani ya kanisa la Waskoti, akawapa hata wale wasiokuwa Waanglikana. Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Unguja, naye ni Mwanglikana vile vile, alighadhibika mno. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury kuwashitaki Peel na mwenziwe, Askofu Willis wa Uganda, kwa uzushi katika dini. Uingereza nzima ikazungumza habari za Kikuyu, mahali ambapo wengi wao walikuwa hawajapata kulisikia jina lake.

Msomaji atauliza: mkate gani huu wa kuwagombanisha maaskofu? Jawabu ni kuwa ugomvi haukuwa juu ya mkate, ulikuwa juu ya mkono unaoutoa. Kwa itikadi ya Weston, kasisi hana haki ya kuubariki mkate ule ila awe amewekewa mikono na askofu, na askofu huyo awe amewekewa mikono na maaskofu waliomtangulia, mpaka silsila ifike kwa Hawariyuna wa Nabii Isa. Mwanafunzi wa Hadithi hahitaji maelezo zaidi: ni kama isnadi, ukikatika uzi mmoja, yote yameanguka. Wapresbiteri wale walikuwa hawana maaskofu kabisa. Wao husema Kitabu chatosha, na mchungaji huwekwa na wazee wenziwe.

Na ajabu iliyoje! Silsila hiyo aliyoipigania Weston, Papa Leo wa 13 alikuwa ameshaikata tangu mwaka 1896, alipotangaza kuwa upadri wa Waanglikana ni batili, hauna nguvu yoyote. Askofu wa Unguja akawakataza wengine meza ambayo, kwa hukumu ya Rumi, yeye mwenyewe hakuwa na haki ya kuisimamia.

Waorthodoksi wao wana silsila ambayo hata Rumi huikubali. Wanalolikataa ni Papa kuwa na amri juu ya maaskofu wote. Tarehe 16 Julai 1054 wajumbe wa Papa, mkubwa wao Kadinali Humbert, waliingia kanisa la Aya Sofia mjini Constantinople, wakaweka juu ya madhabahu hati ya kumtenga Patriaki Mikaeli Kerulario, naye akawalipa kwa mfano wake. Waligombania pia kama mkate utiwe hamira au usitiwe, na neno ambalo watu wa Magharibi waliliongeza katika shahada yao ya imani, kuwa Roho Mtakatifu hutoka kwa Baba "na kwa Mwana". Lakini lililotia chumvi katika donda ni mwaka 1204, Wasalibi wa Kilatini walipouteka na kuupora mji huo huo wa Wakristo wenzao. Laana zile za 1054 ziliondolewa mwaka 1965. Meza mpaka leo haijawa moja.

Wakopti na Wahabeshi wana khitilafu ya zamani zaidi, ya mwaka 451, juu ya tabia mbili za Isa, na hiyo yataka makala yake peke yake.

Ama Waprotestanti, Luther alipoanza mwaka 1517 alipinga biashara ya vyeti vya kusamehewa adhabu za dhambi. Miaka kumi na miwili baadaye alikutana na Zwingli mjini Marburg, wakaafikiana mambo kumi na manne, wakashindwana katika sehemu ya la kumi na tano: je, mwili wa Isa umo katika mkate huo kwa hakika, au mkate ni ukumbusho tu? Wakaachana hivyo hivyo.

Kabla hatujacheka, tukumbuke kuwa hata miaka ya 1920 Msikiti wa Makka ulikuwa na maimamu wanne wa madhehebu manne, na watu wakisali makundi makundi mbele ya Al-Kaaba moja.

Basi kijana wetu ajue. Makanisa makubwa haya yote yameafikiana juu ya Utatu na juu ya uamuzi wa Nicaea wa mwaka 325, na hapo hoja yetu ya Tauhidi yawahusu wote sawasawa. Lakini Papa ni suala la Wakatoliki peke yao. Kuwaomba watakatifu ni la Wakatoliki na Waorthodoksi. Na mwenye kutaja idadi ya vitabu vya Biblia aseme wazi kuwa Wakatoliki wana 73 na Waprotestanti 66, na ziada hiyo yote imo katika Agano la Kale, kwani Injili ni zile zile nne kwa wote.