Kutengeneza au Kubadili?

Chombo cha kusomea diski katika kompyuta ya parokia yetu kiligoma. Wengine wakasema: kitupwe, kinunuliwe kingine. Lakini fedha ya parokia ni sadaka ya maskini, na shaba iliyo ndani ya chombo hicho huenda ilichimbwa Katanga kwa jasho la ndugu zetu. Tena mwaka 2015 Papa Fransisko, katika Laudato si', alikemea desturi ya kutupa ovyo.

Basi tulizima mashine, tukapangusa lenzi kwa pamba na alkoholi kidogo, maana mara nyingi kosa ni vumbi. Hakikupona, fundi akasema leza imekwisha nguvu. Hapo tulinunua kingine bila haya. Kung'ang'ania kilichokufa si uwekevu, ni kiburi. Kutupa bila kuchungua ni dharau. Tuchungue kwanza, ndipo tuamue.