Sadaka Iliyoamriwa na Sheria

Ipo hoja ya siku nyingi, husikika misikitini, makanisani na hata bungeni, kwamba wema wa kulazimishwa si wema. Anayetoa shilingi yake kwa hiari amefanya ibada. Anayekatwa kodi ili mtu asiyemjua apate dawa hakutenda lolote, amekatwa tu. Kwa hiyo, husema wenye hoja hii, kila sheria inayoifanya serikali kuwa mlezi wa wanyonge inampokonya mwananchi nafasi ya kutenda mema, na mwisho wake ni nchi yenye hazina iliyojaa na mioyo iliyokauka. Si hoja ya kupuuzwa. Kasoro yake ni kwamba inalitazama jambo lote kwa macho ya mtoaji. Ukipitia historia ya sheria za afya na ustawi wa jamii, hasa ya Uingereza ambayo kumbukumbu zake ni nyingi, unalazimika kukaa pia upande wa mpokeaji, na kutoka huko hoja ile inaonekana vingine kabisa.

Tangu 1601, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, sheria iliitaka kila parokia ya England iwatoze wenye mali ili wasiojiweza watunzwe. Kulazimishana, basi, hakukuanza jana. Kilichobadilika mwaka 1834 ni masharti. Tume iliyoongoza mageuzi ya mwaka huo, ambayo taarifa yake iliandikwa zaidi na Nassau Senior na Edwin Chadwick, iliogopa kwamba msaada unazalisha wavivu, ikashauri maisha ya anayesaidiwa yawe duni kuliko ya kibarua wa mshahara wa chini kabisa. Ndipo nyumba za kazi zikaenea: mume analala huku, mke kule, watoto kwingine. Mwaka 1845, katika nyumba ya kazi ya Andover, ilibainika kwamba wanaume waliopewa kazi ya kusaga mifupa ya wanyama walikuwa wakigombania uboho uliobaki ndani yake kwa njaa. Waliotunga sheria hii hawakuwa wakatili kwa tabia. Waliamini tu kwamba umaskini, kwa sehemu kubwa, ni kosa la maskini mwenyewe, na ukishaamini hivyo, mengine yote yanafuata kwa mantiki safi.

Aliyeitikisa imani hiyo kwa ushahidi mzito ni Chadwick yuleyule. Alitaka kujua kwa nini wajane na yatima walizidi kuielemea mifuko ya parokia, na mwaka 1842 akachapisha taarifa juu ya hali ya usafi ya watu wa tabaka la vibarua. Humo alionyesha kwamba huko Manchester wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua ulikuwa miaka 17, na katika familia za mabwana 38. Katika wilaya ya mashambani ya Rutland, kibarua alifikia hiyohiyo 38. Yaani mkata wa shamba aliishi sawa na tajiri wa mjini! Ni kweli kwamba wastani huo uliteremshwa mno na vifo vya watoto wachanga, lakini hilo linaikaza hoja badala ya kuilegeza, maana mtoto wa miezi sita hana uvivu wa kuadhibiwa. Kilichomuua ni maji machafu, vyumba vilivyosongamana na vinyesi visivyo na pa kwenda. Na hapa ndipo hisani ya hiari inapofikia ukomo wake. Tajiri mkarimu anaweza kumnunulia mjane mkate. Hawezi peke yake kuchimba mtaro wa majitaka chini ya mitaa 100, tena kupitia viwanja vya watu wasiotaka. Sheria ya Afya ya Umma ya 1848 ilipokuja, ilipingwa vikali kwa jina la uhuru. Lakini kipindupindu hakikuulizia hati ya kiwanja.

Turudi kwenye swali la wema wenyewe. Dini zenyewe hazijaacha haki ya maskini itegemee moyo wa mwenye nacho. Torati ilimkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake, ziachiwe maskini na mgeni. Qur'ani, katika Sura al-Maarij, inaeleza kwamba ndani ya mali za waumini imo haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa, na Khalifa Abu Bakr alipigana na makabila yaliyogoma kutoa zaka baada ya Mtume kufariki mwaka 632. Atasema mtu: zaka ina nia, kodi haina. Sawa, na sidai kwamba moja inakaa mahali pa nyingine. Lakini Maimonides, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alipozipanga sadaka katika daraja nane aliiweka karibu na kilele ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Mlipa kodi na mgonjwa anayetibiwa kwa kodi hiyo wako katika hali hiyohiyo. Ubaridi unaolalamikiwa ndio unaomwokoa mpokeaji na masimango. Naye mwenye kiu ya kutenda mema hajafungiwa mlango: sheria haimtembelei mgonjwa, haimfariji mfiwa, wala haikai na mzee anayezungumza peke yake.

Pingamizi lililo zito zaidi kwangu ni jingine: kwamba sheria nayo inaweza kusimanga. Hili ni kweli tupu. Hadi 1885 mwanamume wa Kiingereza aliyetibiwa kwa fedha za maskini aliweza kupoteza kura yake. Pensheni ya wazee ya 1908, iliyoanza kulipwa Januari 1909, iliwapa waliofikisha miaka 70 hadi shilingi 5 kwa wiki, lakini baada ya kupima kipato chao na kuwatenga waliotoka gerezani pamoja na waliohesabiwa kuwa wazoefu wa kukwepa kazi. Hata hivyo ililipwa posta, si kwa maofisa wa sheria ya maskini, na sheria hiyo yenyewe ikafutwa mwaka 1948. Zanzibar, ilipoanzisha pensheni jamii mwaka 2016, iliviacha vipimo hivyo: kila mkazi aliyefikisha miaka 70, tajiri au fukara, shilingi 20,000 kwa mwezi. Wapo wanaoona ni ubadhirifu kumpa mwenye maduka. Labda, ingawa bajeti ikibana anaweza kutozwa zaidi upande wa kodi. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno, na huo ndio udhaifu wa kweli wa mpango huo. Lakini bibi wa Makunduchi aliyekipokea hakutakiwa kwanza kumthibitishia mtu yeyote kwamba hana kitu.