Zawadi au Ujira?



Walimu wa Shule ya Jumapili wametuuliza swali ambalo tulidhani ni dogo, kumbe sivyo: Je, ni vema kuwaahidi watoto zawadi ili wakariri aya za Biblia? Desturi hii tumeizoea sote. Aya moja, pipi moja. Aya kumi, daftari. Na mwisho wa mwaka mshindi hupewa Biblia mpya mbele ya kanisa zima, nasi wazazi hupiga makofi.

Tusiwalaumu walimu. Desturi hii si ya jana. Robert Raikes, aliyeanzisha shule ya Jumapili katika mji wa Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwapa watoto maskini vitabu, vitana na viatu ili kuwatia moyo. Nasi wengi tulio watu wazima tulijifunza Zaburi ya 23 kwa kutamani pipi. Pipi ilikwisha siku ile ile. Zaburi ingalimo moyoni. Hilo ni kweli, wala hatulifichi.

Lakini Jumapili moja tuliona jambo lililotutia haya. Mtoto mmoja alisimama akasema Waefeso 2:8-9 bila kukosa hata neno. Hapo ndipo Mtume Paulo anapofundisha kwamba wokovu ni kipawa cha Mungu, wala hautokani na matendo yetu. Alipomaliza akanyoosha mkono apokee malipo yake. Mwenzake aliyekwama katikati alirudi kitini mikono mitupu, machozi yakimtoka. Baadaye tulipata habari kwamba nyumbani kwao hakuna Biblia, wala mtu wa kumsomea. Yule aliyeshinda anazo Biblia mbili kwao, na mwisho wa mwaka tulimwongezea ya tatu.

Watoto hawa wawili walijifunza nini juu ya neema siku ile? Midomo ilisema kipawa; mikono ilisema ujira.

Katika Warumi 4 Paulo anatenga mambo haya mawili: afanyaye kazi hulipwa haki yake, na malipo hayo hayaitwi neema. Basi, tofauti haiko katika pipi yenyewe. Iko katika ahadi inayotangulia. Kitu kinachotolewa baada ya kazi kwa furaha tu ni zawadi. Kitu kilichotangazwa mbele, kwa sharti, ni ujira, hata tukikifunga kwa karatasi nzuri.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett wa Marekani walichapisha habari za watoto wadogo wa chekechea waliopenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu wakichora. Wengine walipewa cheti kile kile bila kuahidiwa. Wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, wale walioahidiwa walichora kwa hiari yao karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Wale waliopewa bila ahadi hawakupungukiwa na hamu yao. Wahenga wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda kilikuwa chema kwanza, ndipo pete ikaja.

Wako watakaosema, “Bila pipi watoto hawatakuja.” Huenda wengine wakapungua kwa muda. Lakini anayekuja kwa ajili ya pipi tu, ataondoka akiona pipi kubwa zaidi mahali pengine. Tena iko siku ya ugonjwa au msiba ambayo mtoto wetu atahitaji aya ile, na siku hiyo hatakuwapo mwalimu mwenye mfuko wa pipi.

Kwa hiyo twashauri hivi. Tuwape watoto wote zawadi, wala tusiitangaze mbele. Biblia ya mwisho wa mwaka iende kwa nyumba isiyo na Biblia. Mtoto aliyeijua aya apelekwe akamsomee kwa moyo mgonjwa au mzee wa mtaa asiyeweza tena kufika kanisani, aone mwenyewe neno lile linavyofariji.

Na sisi wazazi je? Kumbukumbu la Torati 6 haliwaagizi walimu wa Jumapili peke yao. Lawaagiza wazazi kuyanena maneno ya Mungu nyumbani na njiani. Mara ya mwisho sisi wenyewe kujifunza aya mpya ilikuwa lini? Mtoto akimsikia mama yake akiirudia aya jikoni, au baba yake akikosea na kuanza upya, atajua pasipo kuambiwa kwamba neno hilo lina thamani.

Tuanze Jumapili ijayo, wazazi na watoto pamoja, kwa Waefeso 2:8-9. Bwana atusaidie.